Ukija Tanga kutembea, uliza kwanza mwezi uko ngapi

Watu wakinipigia kuulizia Tanga swali la kwanza huwa ni bei ya lodji na la pili ni "kuna bichi nzuri?", na mimi kabla sijajibu lolote nauliza mnakuja tarehe ngapi, maana bila tarehe sijui mwezi utakuwa ngapi, na bila mwezi siwezi kukwambia kama bichi ni nzuri au ni tope. Sio masihara jamani. Kazi yangu ni kutembeza wageni hapa jijini, baharini na nchi kavu, na malalamiko ya waliokuja kichwakichwa karibu yote ni yaleyale: tumefika ufukweni saa nne asubuhi na watoto na maboya yao, bahari haipo. Imeenda kule mbali. Imebaki mchanga mweusi, kaa, na mikoko imesimama na mizizi yake nje. Wanapiga picha moja wanaondoka, halafu wanaenda kusema Tanga hamna kitu, na usemi wetu wa waja leo waondoka leo unazidi kupata ushahidi.

Bahari ilikuwepo, wao ndio walikuja saa ambayo sio yake.

Sasa nieleze inavyokwenda, maana ukishaelewa hili Tanga yote inafunguka. Maji yetu yanajaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku moja, na kila siku yanachelewa kidogo kuliko jana, dakika arobaini, siku nyingine karibu saa zima. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, jua na mwezi vinavuta kwenye mstari mmoja, tunapata bamvua, yaani maji yanajaa sana na yanakupwa sana, tofauti ya juu na chini inapita mita tatu. Mwezi ukiwa nusu, vinavutana kila kimoja na upande wake, tunapata maji mafu, yanapanda kidogo yanashuka kidogo. Hayo wengi mlisoma shule. Ambacho hamkuambiwa, na ndicho cha muhimu kwa mtu wa likizo, ni kwamba kwenye pwani hii saa za bamvua hazibadiliki sana mwezi hadi mwezi: siku za bamvua maji yanakupwa kabisa kama saa nne saa tano asubuhi na yanajaa pomoni saa kumi jioni. Siku za maji mafu ni kinyume chake, saa nne asubuhi maji yamejaa na saa kumi jioni yamekupwa. Basi. Kalenda yoyote yenye tarehe za Kiislamu inakutosha, tarehe moja hadi tatu na kumi na nne hadi kumi na saba hivi ni bamvua, na zile za saba hadi tisa na ishirini na mbili hadi ishirini na nne ni maji mafu. Apu za simu zipo pia na ni nzuri, ila simu ikizima chaji mwezi bado uko juu.

Kwa hiyo kuna likizo mbili tofauti kabisa hapa Tanga, ya bamvua na ya maji mafu, na ukichanganya ndio unaharibikiwa.

Ukija bamvua, nenda Maziwe. Kama utafanya kitu kimoja tu mkoa huu fanya hiki. Unatoka mjini asubuhi mapema unashuka barabara ya Pangani, kama kilomita hamsini, unavuka mto unaenda Ushongo, au kama una akili unalala Ushongo usiku ule ili alfajiri uwe pale pale. Boti inachukua kama kilomita nane kutoka pwani na unaona kitu kinameta katikati ya bahari, mchanga mweupe peke yake, hauna mti hata mmoja. Wazee wa Pangani watakwambia hapo palikuwa na kisiwa chenye mivinje na kwamba kasa walikuwa wanapanda kutaga kwa wingi, na ni kweli kabisa, mpaka miaka ya 1970 miti ilikuwepo. Miti ikaisha, mchanga ukakosa kinachoushika, bahari ikala, na sasa hivi maji ya bamvua yakijaa kisiwa kizima kinazama chini. Kasa wengine bado wanapanda pale kutaga kama mama zao, ndio maana mayai yanachimbuliwa na kuhamishiwa ufukweni bara, la sivyo yote yangelowa. Mgeni akiambiwa hivyo akiwa amesimama palepale kwenye mchanga anakaa kimya muda.

Mambo ya Maziwe ya kukumbuka: hakuna kivuli, narudia, hakuna kivuli cha aina yoyote, mwamvuli mnaubeba wenyewe na maji ya kunywa mengi kuliko mnavyodhani. Kaunda suti na sketi ndefu acha lodji. Ni hifadhi, kuna kiingilio, muulize nahodha kama bei aliyokutajia ina kiingilio ndani au bado, hili linaleta ugomvi mwingi wa bure pale ufukweni. Kuogelea kwa miwani na bomba ni pembeni ya mchanga, matumbawe yako karibu, samaki wa rangi zote. Na mwende na maji yanavyokupwa mrudi yakiwa yanaanza kujaa, nahodha akisema twende ni twende, usimwambie dakika tano nimalizie picha.

Sasa mtu anakuja maji mafu anang'ang'ania Maziwe, nami namwambia ukweli, maji yanakupwa jioni, mchanga unaotoka ni mdogo, na kurudi utarudi giza linaingia. Hela yako lakini.

Bamvua hiyohiyo kama hutaki boti, shuka Mwambani au Kigombe asubuhi uone watu wanavyoingia kwenye mwamba. Kina mama na watoto wanaokota chaza na kombe, vijana na vyuma vyao wanatafuta pweza kwenye mashimo. Unaruhusiwa kwenda nao, uwasalimie kwanza, shikamoo kwa wakubwa, uvae yeboyebo au viatu vya zamani kwa sababu kuna wale viumbe weusi wa baharini wenye miiba mirefu na mwiba ukikatikia mguuni likizo imeisha. Ukigeuza jiwe lirudishe lilivyokuwa. Miamba yetu imeshateswa vya kutosha na uvuvi wa mabomu miaka ile, makovu yake unayaona hadi leo, vifusi vya matumbawe vimelala kama kokoto za ujenzi.

Maji mafu ndio wakati wa familia. Saa nne asubuhi bahari imejaa, imetulia, haikuvuti, Raskazoni panafaa watoto, unaogelea mpaka njaa ikuume halafu unakula samaki palepale. Raskazoni ina historia ambayo wageni wengi wanaipita bila kujua: Novemba 1914 jeshi la Waingereza kutoka India, kama askari elfu nane, lilishukia upande huo kuja kuiteka Tanga kwa Wajerumani waliokuwa wachache mno, kama elfu moja, wengi wao askari wa Kiafrika, chini ya kamanda wao Lettow-Vorbeck. Wakashindwa vibaya. Kwenye mashamba ya pale kulikuwa na mizinga ya nyuki, risasi zikawachokoza, nyuki wakatoka wakawa wanang'ata kila mtu bila kuangalia bendera. Ukitaka kuielewa vita ile vizuri kodi baiskeli, Tanga ni tambarare na ni mji wa baiskeli toka zamani, uanzie Raskazoni urudi mjini taratibu, unapita Bombo lilipo jengo la hospitali la Wajerumani, umalizie Urithi Tanga kwenye makumbusho yaliyo kwenye boma la zamani. Asubuhi moja imeisha na hujatumia hela ya maana.

Kutoka Bustani ya Jamhuri unaona kisiwa kimejaa miti katikati ya ghuba, ndio Toten. Watu walikaa pale zamani, kuna magofu ya misikiti na makaburi, yamemezwa na vichaka. Kwenda ni dakika chache tu kwa boti ila lazima maji yawe yamejaa, yakikupwa unashukia tope la magoti na mikoko inakucheka. Pamoja na visiwa vya Yambe na Karange vimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyoanzishwa 2009. Na hapa niweke wazi maana naulizwa kila wiki: hapana, hutamwona silikanti. Ni samaki wa kale sana, ambaye wataalamu walidhani ametoweka pamoja na dainosaria mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini 1938, na sisi huku wavuvi walianza kumnasa kwenye nyavu za majarife miaka ya 2000 mwanzoni, ila anaishi kina cha zaidi ya mita mia, kwenye mapango ya chini huko. Mtu akikuuzia safari ya kwenda kumwangalia silikanti kwa miwani na bomba, kimbia.

Tongoni mimi naipenda kuliko magofu yote ya mkoa huu, iko kama kilomita ishirini kusini, njia hiyohiyo ya Pangani, kwa hiyo ipange pamoja na Ushongo. Msikiti wa kale na makaburi zaidi ya arobaini, mengine yalikuwa na nguzo ndefu zilizopachikwa bakuli za Kichina, nguzo nyingi zimeanguka na bakuli wameshabandua. Kaa pale kivulini uangalie baharini, kwa sababu maji ya mbele yako ndiyo yalimshika Vasco da Gama. Aprili 1498 meli yake moja, São Rafael, ilipanda kwenye fungu, sehemu ya bahari isiyo na kina, usiku usiku, maji yakakupwa ikabaki kavu, wakatupa nanga wakasubiri, maji yalipojaa ikaelea wakaendelea na safari ya Mombasa. Wenyeji waliwafuata na machungwa na yule Mreno aliyeandika habari za safari akaandika kuwa ni matamu kuliko ya Ureno. Ukipita Muheza msimu wa machungwa utajua hakudanganya. Januari 1499 wakirudi, mabaharia wengi wamekufa kwa ugonjwa, hawakuwa na watu wa kutosha kuendesha meli zote, wakaichoma São Rafael hukohuko.

Pepo nazo mziangalie. Kusi, ile ya kutoka kusini, inaanza Aprili, na Juni mpaka Agosti inakuwa na nguvu, ghubani hakuna shida ila nje kwenda Maziwe utalowa, hasa mchana, ndio maana tunatoka alfajiri na umande kabla upepo wa bahari haujaamka. Kaskazi, ile ya kutoka kaskazini, ya Desemba hadi Machi inavumilika. Wakati wangu mimi ni Oktoba na Novemba, tangambili, yaani katikati ya pepo hizo mbili, bahari kama mafuta kwenye kikaango, mvua za vuli zinakuja na kuondoka.

Ikitokea bahari imechafuka au mvua imeshika, Amboni. Mapango yako kilomita nane hivi kutoka mjini, unaacha barabara ya Horohoro unaingia kushoto, bodaboda wote wanapajua. Vaa viatu vinavyoshika, kuna sehemu unainama unapita kama panya, na popo wapo wengi. Waongozaji watakusimulia njia inayotokea Mombasa na mbwa aliyepotelea humo akaibukia Kilimanjaro. Sikiliza, furahia, wanasimulia vizuri mno, ila wataalamu wa Kijerumani na Kituruki waliopima 1994 walikuta pango refu kuliko yote halifiki hata kilomita moja. Pale mzimuni utakuta watu wameacha sadaka zao, usiguse wala usipige picha kabla hujaomba. Karibu na hapo kuna chemchemi za Galanos, maji ya moto yenye salfa, harufu ya yai viza lakini ukishazoea dakika mbili unasahau.

Mwenye siku za ziada apande Amani, milima ya Usambara mashariki, unapitia Muheza, bustani ya mimea waliyoianzisha Wajerumani 1902 na msitu wenye ubaridi ambao hautaamini umetoka pwani asubuhi ileile. Amani haihitaji kuangalia mwezi, inahitaji gari la juu kipindi cha masika.

Kwa boti, haya uulize kabla hujatoa advansi: laifu jaketi zipo ngapi na za watoto zipo, maji yanakupwa saa ngapi siku hiyo, na mtarudi saa ngapi. Swali la pili ndio mtihani. Nahodha wa kweli anakujibu saa bila kutoa simu mfukoni, na akianza kusema "twende tu tutaona" mshukuru, tafuta mwingine.