Mfadhili anataka kuona mchango wake umefika wapi

Jumuiya nyingi za Unguja na Pemba huwatumia wafadhili wao jarida dogo. Ukurasa wa mbele mwenyekiti anakabidhiwa cheti, ndani kuna orodha ya semina, nyuma nembo za washirika. Mwalimu aliyekata elfu hamsini kwenye mshahara wake, au ndugu aliyetuma kutoka Muscat, analipekua lote akitafuta jambo moja: pesa yangu imefanya nini? Asipoliona, mwaka wa pili hatoi, na sababu hamwambii mtu.

Katika mafunzo tunayowapa makatibu na washika fedha wa jumuiya, hapa ndipo tunapokaa zaidi. Chukueni mfano wa mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wengi wa wakulima ni wanawake. Sasa bahari imepata joto, na mwani mnene, ule wenye bei nzuri, unakufa kwenye kina kifupi. Kuulima kwenye maji ya kina, hakutoshi kusubiri bamvua, maji yanapokupwa sana, na kwenda kwa miguu. Kunataka chombo, na kujua kuogelea. Tuseme jumuiya imechangisha boti. Jarida litaandika: “Jumuiya yetu imefanikiwa kuwajengea uwezo wanawake kupitia mradi wa uchumi wa buluu.” Mfadhili yuko wapi hapo? Andikeni: “Boti uliyoichangia inampeleka mama wa Paje kwenye maji ya kina, ambako mwani wake haufi.” Habari ni ile ile, ila aliyetoa ameiona kazi yake.

Na huyo mama awe mmoja. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Marekani, Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic, walichapisha jaribio ambalo washiriki walilipwa dola 5 kisha wakaombwa kuchangia. Waliosoma habari za msichana mmoja wa Mali mwenye miaka 7 walitoa wastani wa dola 2.38. Waliosoma takwimu za mamilioni wenye njaa walitoa 1.14. Waliopewa vyote viwili, msichana na takwimu, walitoa 1.43 tu. Kwa hiyo takwimu zina nafasi yake kwenye hesabu za mwaka, ambazo kila mfadhili ana haki ya kuziona, lakini zisimfunike mtu mnayemsimulia.

Hata hivyo, kumsimulia mtu mmoja katika visiwa hivi kunataka uangalifu mkubwa. Picha ya yatima ikitumwa London usiku, asubuhi imeshafika Wete kwenye simu ya shangazi yake. Sitara ya mtu haiuzwi kwa mchango wowote. Muombeni ruhusa mwenyewe, na akiwa mtoto, mzazi au mlezi wake. Msomeeni maneno mliyoandika kabla hayajachapishwa, na akisema sentensi fulani itoke, itoke. Mkibadilisha jina, mwambieni msomaji kuwa limebadilishwa. Picha ya mtu ameinamisha kichwa akipokea mfuko wa mchele chini ya bango la jumuiya naikataa kabisa. Inamdhalilisha yeye na haimwambii mfadhili chochote. Mpigeni picha akiwa kazini, au ipigeni kazi yenyewe, kisha maelezo chini ya picha yaandikwe kwa makini, maana wengi huyasoma hayo kabla ya habari.

Jambo jingine linalosahauliwa ni zaka. Wanaostahiki zaka ni makundi manane yaliyotajwa katika Qur'an, na aliyeitoa anataka uhakika kwamba haikujenga uzio wa ofisi. Zaka iwe na hesabu yake na sehemu yake kwenye jarida, mbali na sadaka za kawaida.

Ombi nalo liwemo, moja tu, likitaja kiasi na kitakachonunuliwa. Kama mchango unatumwa kwa namba ya simu, jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo liwe la jumuiya. Likitokea la mshika fedha, wengi wataishia hapo hapo, na siwalaumu. Jarida lipelekeni kabla ya Ramadhani, na kwa wafadhili walioko Pemba, pia wakati karafuu zimeshauzwa. Herufi ziwe kubwa. Kwa wazee, sauti fupi ya WhatsApp inafaa zaidi kuliko kurasa nne.

Mradi ukikwama, andikeni. Kama mashine ya boti imeharibika na kipuri hakijafika, toleo hilo hilo liseme hivyo, litaje pesa iliyobaki iko wapi na nani anaifuatilia. Toleo linalofuata lianze na jibu la hilo, kabla ya habari nyingine yoyote.