Kuchora umbo la mtu: dhana potofu kuhusu mazoezi na maoni ya wachoraji wenzako

Wengi wanaoanza kuchora umbo la mtu huamini kwamba kazi yote iko mkononi: mkono ukizoea, mchoro utakaa sawa. Karibu kila dhana potofu iliyo hapa chini imezaliwa na imani hiyo. Mkono hufuata jicho, na jicho la kila mtu lina mahali lisipoona. Mwenzako anapotazama karatasi yako anakuazima jicho la pili, ndiyo maana mimi sitenganishi mazoezi na maoni.

"Bila kipaji usijisumbue"

Mkono unaoweza kuandika jina na kutunga uzi kwenye sindano una wepesi wa kutosha kuvuta mstari wowote unaohitajika katika mchoro wa mtu. Kinachopungua ni kuona. Mwambie anayeanza achore kichwa bila kumtazama mtu, na macho atayaweka juu, jirani na nywele. Pima: macho yapo katikati, kati ya utosi na kidevu. Tunayapandisha kwa sababu tumezoea kutazama uso, na akili huupa nafasi kubwa kuliko fuvu linaloubeba. Viganja navyo huchorwa vidogo mno. Weka chako usoni, kitako chake kikiwa kidevuni, na ncha ya kidole cha kati itafika karibu na mwanzo wa nywele. Unyayo una urefu unaokaribiana na ule wa mkono kuanzia kiwiko hadi kwenye kifundo cha kiganja, jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka wapime.

Vincent van Gogh aliamua kuwa msanii mwaka 1880, akiwa na umri wa miaka 27, na alitumia muda mwingi wa mwanzo huo kunakili vielelezo vya kozi ya uchoraji ya Charles Bargue, karatasi baada ya karatasi. Watu aliowachora wakati huo wamekakamaa. Namtaja kwa makusudi, maana wanaopenda kuzungumzia kipaji hukimbilia kumtaja yeye.

"Mtu mzima ana urefu wa vichwa vinane"

Vitruvius, msanifu majengo wa Roma wa karne ya 1 kabla ya Kristo, aliandika kwamba kichwa, kutoka kidevuni hadi utosini, ni sehemu moja ya nane ya urefu wa mwili. Kipimo hicho kimedumu kwa sababu kinagawanyika vizuri, na kwa sababu kinamfanya mtu aonekane shujaa. Watu wazima tunaokutana nao wako karibu na vichwa saba au saba na nusu. Mtoto mchanga ana takriban vinne, kwa hiyo ukimchora mtu mzima kwa udogo hupati mtoto. Unapata mtu mzima mfupi.

Tena hesabu hizi zote ni za mtu aliyesimama wima mbele yako. Akiketi, akiinama, au akikunyooshea mguu, zinavunjika. Kiganja kilichonyooshwa kukuelekea kinaweza kuufunika uso mzima, na paja la mtu aliyeketi akikutazama linaweza kuwa fupi kuliko upana wake. Hapo akili hupiga kelele kwamba paja ni refu, na mkono ukiitii, mtu wako ataonekana anateleza kutoka kwenye kiti.

Dawa yake ni kupima unachokiona. Nyoosha mkono, kaza kiwiko, fumba jicho moja, na utumie penseli kama rula. Usipokaza kiwiko, penseli inakaribia au inaenda mbali na kipimo kinakudanganya. Halafu tumia timazi, hata ikiwa ni uzi uliofungwa kijiwe. Mtu akisimama kwa kuegemea mguu mmoja, ishushe kutoka kwenye kile kishimo cha koo kati ya mitulinga, nayo itafika karibu na kifundo cha mguu unaobeba uzito. Katika mchoro wako ikitua mbali na hapo, mtu huyo anaanguka, na hakuna kivuli kitakachomwinua.

"Michoro ya sekunde thelathini ni ya kupasha mkono moto tu"

Pozi fupi, yaani mkao ambao mtu anaushika kwa muda mfupi ili achorwe, hukulazimisha kuuliza swali ambalo pozi refu hukuruhusu kulikwepa: mwili huu unafanya nini? Uzito umekaa wapi? Mtu akiegemea mguu wa kulia, nyonga ya kulia hupanda, bega la upande huohuo kwa kawaida hushuka, na uti wa mgongo hupinda ili kuvipatanisha. Wachongaji wa Ugiriki walilijua hili katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Mbeba mkuki wa Polykleitos amesimama hivyo hasa, na nakala za Kiroma za sanamu hiyo bado zipo.

Anayejaribu kufuata ukingo wa mwili kwa sekunde thelathini huishia na kichwa na bega moja. Anza na mstari mmoja unaopita mwili mzima, kutoka kichwani hadi kwenye mguu wenye uzito. Weka mishazari miwili, ya mabega na ya nyonga. Kisha ongeza mafungu matatu makubwa: kichwa, kifua, nyonga. Muda ukibaki, viungo vifuate. Karatasi itakuwa na mtu asiye na pua, lakini aliye hai.

Hata hivyo, kuna waliogeuza dawa hii kuwa starehe. Madaftari yao yamejaa mistari inayopepea, mizuri kwa mbali, na hakuna hata goti moja lililofungwa. Pozi la dakika ishirini au zaidi ndilo linalokuumbua: shingo inaingiaje kifuani, kiwiko kinapinda wapi, kisigino kimekanyaga au kinaelea? Vipindi vingi vya kuchora modeli hai, yaani mtu anayekaa mbele yenu ili achorwe, hupanda ngazi kutoka sekunde 30 hadi dakika moja, mbili, tano, kisha pozi refu lenye mapumziko ya modeli. Mpangilio huo una akili. Kukaa kwenye ngazi ya chini mwaka mzima hakuna akili.

"Mabingwa walipata mstari sahihi mara moja"

Katika jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York kuna karatasi ya Michelangelo ya chaki nyekundu, ya takriban mwaka 1510 au 1511, aliyoitumia kumtafuta nabii wa kike wa Libya wa kwenye dari la kanisa la Sistine huko Vatikani. Modeli alikuwa mwanamume. Pembeni mwa mwili mkuu kuna uso uliochorwa upya, kiganja, na vidole vya mguu vilivyorudiwa, kwa sababu mguu huo ndio unaobeba uzito wa mkao wote. Giorgio Vasari, aliyeandika maisha ya wasanii wa Italia, anasimulia kwamba kabla ya kufa mwaka 1564, Michelangelo alichoma michoro yake mingi ili watu wasione alivyohangaika. Huenda dhana hii ina deni kwa moto ule.

Kifutio kitumie kwa uchoyo. Mstari mbaya uache mpaka ule bora ukae pembeni yake. Ukiufuta kwanza, mara nyingi utaurudia palepale.

"Kunakili ni wizi, picha ni udanganyifu, na misuli lazima ikaririwe kwanza"

Nazifunga pamoja kwa sababu hazistahili muda mrefu. Kunakili kwa ajili ya kujifunza ni njia ya zamani, mradi useme umenakili. Picha inasaidia, ila kamera iliyo karibu mno hukuza kilicho mbele, na vivuli vyake mara nyingi hugeuka weusi mtupu. Mtu anayejifunza kwa picha peke yake hurithi makosa ya lenzi. Kuhusu misuli, anza na mifupa inayoonekana chini ya ngozi: mitulinga, ncha za nyonga, pia ya goti, kiwiko, vifundo. Hiyo haibadiliki sana mtu akinenepa au akikonda.

"Ni mchoraji hodari tu anayeweza kukupa maoni ya maana"

Plinio Mkubwa, mwandishi wa Roma ya kale, anasimulia habari za Apelles, mchoraji wa Ugiriki, aliyejificha nyuma ya kazi yake asikie wapita njia wanasema nini. Fundi viatu akakosoa kiatu, Apelles akakirekebisha. Kesho yake fundi akaanza kuukosoa mguu, na Apelles akatokea na kumwambia aishie kwenye kiatu. Kisa hiki hupendwa sana na wasanii wasiotaka kukosolewa. Leonardo da Vinci alikuwa na msimamo mwingine: mchoraji asikatae maoni ya mtu yeyote, kwa kuwa hata asiyejua kuchora anaujua mwili wa binadamu na ataona kama mtu ana kibyongo au bega moja limepanda.

Mimi niko na Leonardo, kwa sharti moja. Asiyechora ataona kwamba kuna kitu hakijakaa sawa, lakini aghalabu atakosea chanzo chake. Akisema kichwa ni kikubwa, huenda kichwa kiko sawa na mabega ndiyo membamba. Akisema mkono ni mfupi, pengine kiwiko kiko juu mno. Pokea dalili, kisha utafute ugonjwa mwenyewe kwa penseli na timazi.

Leonardo aliona pia kwamba mchoraji huelekea kuwapa watu wake mwili wake mwenyewe: mwenye viganja vizito huchora viganja vizito. Nyani haoni kundule. Mtu aliye pembeni ataona kwenye karatasi ya tatu kwamba kila shingo yako imeinamia upande uleule.

Ndiyo maana kutengwa na wenzako kuna gharama. Angelica Kauffman na Mary Moser walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Royal Academy ya London, chama cha wasanii chenye shule yake, mwaka 1768, lakini katika mchoro wa Johan Zoffany unaowaonyesha wanachama ndani ya chumba cha modeli wa uchi, wao wapo kama picha mbili zilizotundikwa ukutani, kwa kuwa mwanamke hakuruhusiwa kuingia humo. Wanafunzi wa kike wa shule hiyo walingoja hadi mwaka 1893 kupewa modeli, tena aliyefunikwa kiasi. Walinyimwa mwili wa kutazama, na walinyimwa pia yale mazungumzo ya chumbani mbele ya pozi moja lililochorwa na watu wengi kutoka pande tofauti.

"Ukweli lazima uume"

Mwaka 1885 Van Gogh alimtumia rafiki yake mchoraji, Anthon van Rappard, chapa ya picha yake ya Wala Viazi, inayoonyesha wakulima wakila mezani. Rappard alijibu kwa ukali: mtu wa upande wa kulia hana goti, hana tumbo wala mapafu, na mkono wake ni mfupi kupita kiasi. Van Gogh aliirudisha barua hiyo kwa mwenyewe, na urafiki wa miaka kadhaa haukupona. Itazame picha ile: kuhusu mwili, Rappard hakukosea sana. Majira yale ya kiangazi Van Gogh alichora mfululizo wa michoro mikubwa ya wakulima wakiwa kazini, wameinama, wanavuna, wanachimba, na miili yao ina unene ambao haukuwapo awali. Maoni yale yaliingia, lakini aliyeyatoa alishapotea. Wapo wanaokiona kisa hiki kama ushahidi kwamba ukali hufanya kazi. Mimi naona habari zilezile, goti na mkono, zingeingia pia bila kejeli.

Sifa tupu nazo hazina faida. "Safi sana" haimwambii mtu aendelee na nini. Mwambie kwamba mshazari wa nyonga umebeba pozi lote, naye ataurudia kwa kujua.

Anayeomba maoni ana wajibu wake. Sema pozi lilikuwa la muda gani, maana kumlaumu mtu kwa vidole vilivyokosekana katika mchoro wa dakika moja ni kupoteza muda wa wote wawili. Onyesha picha uliyoitazama, kama ipo. Uliza jambo moja: "Je, huyu amesimama au anaanguka?" linakupa jibu bora kuliko "Mnaonaje?" Anayejibu naye aanze na makubwa: mkao na uzito, kisha uwiano, kisha vivuli. Kope zingoje. Kama anataka kuonyesha badala ya kusema, aweke karatasi laini inayopitisha mwanga juu ya mchoro na achore hapo, asiuguse wa mwenzake.

"Nikiambiwa, lazima nirekebishe" na ndugu yake, "Hiyo ndiyo staili yangu"

Watu watatu wakigusa sehemu ileile, kuna tatizo hapo, hata kama kila mmoja ana tiba yake. Mmoja akigusa peke yake, pima kwanza, kisha uamue. Na usirekebishe karatasi ya jana mpaka itoboke. Peleka maoni kwenye pozi lijalo, moja kwa kila kipindi.

Kuhusu staili, jaribio ni rahisi. Chora pozi lilelile tena kwa uwiano wa kweli. Ukiweza, basi ile miguu mirefu uliichagua. Usipoweza, bado hujachagua kitu.

Siku ambayo hakuna mwenzako wa karibu, fanya alivyoshauri Leonardo: tazama kazi yako kwenye kioo. Ukikosa kioo, geuza karatasi na uinue mbele ya dirisha. Bega lililopanda, ambalo jicho lako lilikuwa limelizoea, litaonekana mara moja.