Shata iliyokwama haitaki mafuta
Hapa Unguja, mtu akirithi kamera kubwa ya zamani, ile ya kitambaa cheusi na filamu ya inchi 4 kwa 5, akikuta shata ya lenzi (kifaa kinachofunguka na kufungika kupitisha mwanga) inakwama hukimbilia mafuta ya cherehani. Hewa ya bahari imeikausha, husemwa, basi ilainishwe. Sivyo. Vibapa vya shata, yaani vile vipande vyembamba vinavyofungua na kuziba njia ya mwanga, hufanya kazi vikiwa vikavu kabisa. Ni vyembamba mno, na tone moja la mafuta huvigandisha kama karatasi zilizolowa.

Mara nyingi kinachokwamisha ni mafuta ya zamani yaliyoganda kwenye gia ndogo zinazopima muda. Ndiyo maana kasi ya 1/200 ya sekunde husikika sawa, lakini sekunde 1 hujikokota au husimama njiani: kasi za polepole ndizo zinazozitegemea gia hizo. Dawa ni kusafisha. Fungua kwanza vioo vya mbele na nyuma, uviweke mbali, kisha tumia petroli nyepesi ya kujazia viberiti vya utambi, kidogo kidogo, dirisha wazi, pasipo moto. Tafadhali usilazimishe wenzo wa shata.

Chumvi nayo ina madhara yake, huleta kutu. Kibapa kilicholiwa na kutu au kukunjika hubadilishwa kwa kingine cha shata ya aina na ukubwa uleule, yaani kwa chapa za shata, Compur kwa Compur, Copal kwa Copal.