Lipidi za ubongo na ugonjwa wa Alzheimer

Katika maduka ya dawa ya katikati ya Nairobi hukosi chupa za mafuta ya samaki, na muuzaji atakuambia ni ya kumbukumbu. Ukifika nyumbani unamkuta jirani akimnyima mamake chapati eti mafuta yataziba ubongo. Basi mafuta ni dawa au ni sumu?

Lipidi ni jina la jumla la vitu vya jamii ya mafuta mwilini, kolesteroli ikiwemo. Ubongo ukiondolewa maji, zaidi ya nusu ya uzito unaobaki ni lipidi. Tena, ingawa ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hubeba takribani asilimia 20 ya kolesteroli yote. Hii si akiba kama ile ya kitambi. Ndiyo iliyojenga utando wa kila seli ya neva, pamoja na mayelini, ala inayozifunika nyuzi za neva ili ujumbe upite upesi.

Kolesteroli ya damuni haipiti kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Ubongo hujitengenezea yake, hasa ndani ya seli ziitwazo astrositi, kisha protini ya ApoE huisomba hadi kwenye neva, mithili ya mkokoteni unaotoa viazi Marikiti kuvipeleka vibandani.

Kwenye usombaji huo ndiko inakoingilia Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole. Jeni ya APOE, iliyo katika kromosomu ya 19, ina aina tatu kuu: E2, E3 na E4. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliihusisha E4 na Alzheimer ya uzeeni. Protini ya E4 hubeba lipidi kidogo, na uchafu wa amiloidi, vipande vya protini vinavyorundikana katika ubongo wa mgonjwa, huchelewa kuondolewa. Mikroglia, seli zinazopaswa kuufagia, hujaa matone ya mafuta na kulemewa na kazi. Daktari Alois Alzheimer mwenyewe alishaona mafuta yamerundikana katika seli saidizi za ubongo wa mgonjwa wake, na akaandika hivyo mwaka 1907. Kwa miongo mingi utafiti ulikazia macho amiloidi na tau, protini nyingine inayojisokota ndani ya neva za mgonjwa, hayo mafuta yakasahaulika. Kwa ugonjwa wa kusahau, ni kichekesho kidogo.

Tukirudi dukani: DHA, asidi ya mafuta ya samaki, kweli ni sehemu ya ubongo. Ila majaribio ya kuwapa vidonge vyake watu walioanza kuugua hayakupunguza kasi ya ugonjwa. Mimi ningenunua omena, yaani dagaa. Na jirani naye hajakosea kabisa, kwani kolesteroli mbaya, LDL, ikipanda katika umri wa makamo huongeza hatari ya dimensia, yaani kudhoofika kwa akili na kumbukumbu, mishipa ya damu ikiwa njia mojawapo.

Anayefikiria kupimwa jeni ajue jambo moja. Takwimu zinazotajwa sana, kwamba E4 moja, ya mzazi mmoja, huzidisha hatari kama mara 3, na mbili, za wazazi wote, mara 8 hadi 12, zimetokana zaidi na watu wenye asili ya Ulaya. Kwa watu wenye asili ya Afrika, uhusiano huo umeonekana kuwa dhaifu zaidi, kwa hiyo jibu la maabara lisomwe na daktari anayelijua hilo.