Jazi kwa sinthesaiza: acheni noti zipinde

Wengi wanaotuletea kazi zao, nyimbo za jazi za zamani zilizorudiwa kwa sinthesaiza (kinanda kinachounda sauti kwa umeme), wamechagua sauti nzuri. Kinachoziua ni noti zilizonyooka mno. Programu ya kurekodi ina kitufe cha kusogeza kila noti hadi mahali pake kamili. Ukikibonyeza, jazi imeishia hapo.

Chukua mwendo wa vipigo 120 kwa dakika. Pigo moja hudumu milisekunde 500. Ukiligawa kwa noti mbili sawasawa, kila moja inapata 250. Katika swingi, ule mwendo wa jazi wa noti ndefu na fupi kwa zamu, kama inavyofundishwa vitabuni, ya kwanza hupata kama 333 na ya pili 167. Programu nyingi huandika mgawo huo asilimia 66, na asilimia 50 ni noti zinazolingana. Hiyo 66 nayo usiiamini kila mahali. Kadiri wimbo unavyokwenda mbio ndivyo wapigaji wanavyokaribia kuzilinganisha, na ukiing'ang'ania kwenye mwendo wa vipigo 250 kwa dakika utasikia farasi anayechechemea. Mimi hupiga kwa mkono, kisha nasogeza zile noti chache tu zinazoumiza sikio.

Halafu kuna pumzi. Tarumbeta ikipulizwa kwa nguvu haikui sauti tu, hung'aa pia: sauti nyembamba za juu ndani yake huzidi. Mtunzi Mfaransa Jean-Claude Risset alilichambua jambo hilo kwa kompyuta kwenye Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, miaka ya 1960. Kwa hiyo nguvu ya kidole iunganishe na filta, sehemu ya sinthesaiza inayozuia au kuachia sauti hizo za juu, ili noti iliyogongwa kwa nguvu ifunguke zaidi. MIDI, lugha ambayo vyombo vya umeme na kompyuta hupashana noti, iliyotoka mwaka 1983, hupima nguvu hiyo kwa namba zinazofika 127. Kama noti zako zote zimesimama kwenye 100, filta haina la kufanya.

Besi ifanye ifie haraka, kama uzi uliodonolewa. Minimoog, sinthesaiza ya mwaka 1970, ilitoa noti moja tu kwa wakati, na kwa besi hilo halipunguzi kitu.

Wala usiogope kwenda mbali na rekodi ya awali. Mpiga piano wa jazi Herbie Hancock alirekodi wimbo wake "Watermelon Man" mwaka 1962 kwa piano. Mwaka 1973 akairudia kwa vyombo vya umeme, mdundo mwingine kabisa.

Kabla ya kuiachia kazi, omba leseni ya utunzi. Rekodi ni yako, wimbo una mwenyewe: Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, unamlinda mtunzi maisha yake yote na angalau miaka 50 baada ya kifo. Kampuni iliyotoa rekodi ya zamani huna haja ya kuibishia hodi, ilimradi hukukata kipande cha rekodi hiyo na kukitia kwenye yako.