Magemu ya Kubofya na Ufundi wa Kutega Fumbo

Kazi yangu ni kutunga mafumbo ya magemu ya simu. Kila kijana anayejiunga na timu yetu hapa Dar es Salaam namwekea sharti moja kabla hajaandika mstari wowote wa programu: acheze Day of the Tentacle, gemu la mwaka 1993, mpaka mwisho. Wengi walizaliwa baada ya gemu hilo kutoka, na mwanzoni wanalitazama kwa mashaka. Hakuna kukimbia, hakuna risasi, hakuna kupanda daraja. Unabofya tu huku na huku. Siku chache baadaye wanakuja wenyewe mezani kwangu kubishana kuhusu chupa ya divai na mti wa matunda. Ubishi huo ndio ninaoutaka, na nitaufikia.

Kwa ambaye hajawahi kuyagusa, magemu haya yanakwenda hivi. Mhusika wako amesimama chumbani. Unapeleka mshale wa kipanya mlangoni, unabofya, naye anatembea hadi mlangoni. Chini ya skrini kuna vitenzi: fungua, sukuma, okota, zungumza. Unachagua kitenzi, kisha kitu cha kukitendea. Unavyookota vinaingia mkobani, na kisa hakisogei mpaka utumie kitu kinachofaa mahali panapofaa. Hakuna saa inayokukimbiza. Unaweza kuliacha gemu wazi, ukaenda kupika, ukarudi ukamkuta jamaa amesimama palepale anakungoja.

Kabla ya hapo mchezaji alikuwa anaandika amri kwa kibodi. Roberta Williams na kampuni yake ya Sierra On-Line walitoa King's Quest mwaka 1984, ukawa unamwona mfalme mtarajiwa akitembea ndani ya picha, lakini akitakiwa kufanya jambo unaliandika kwa Kiingereza. Ukitumia neno ambalo programu hailijui, umekwama, hata kama wazo lako ni sahihi kabisa. Mwaka 1987, Ron Gilbert na Gary Winnick wa Lucasfilm Games wakatoa Maniac Mansion kwenye kompyuta ya Commodore 64, vitenzi vyote vikiwa vimepangwa kwenye skrini. Kazi ya kubahatisha maneno ikaisha, ikabaki kazi ya kufikiri.

Ikabaki pia kazi nyingine, ya mtunzi: kutega fumbo kwa haki. Wengi walishindwa hapo.

Chukua King's Quest V ya mwaka 1990. Mapema katika safari unaweza kununua mkate wa pai. Njaa inamshika mhusika wako huko milimani, na kuila pai hiyo ni jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angelifanya. Ukiila, umekwisha, ila huambiwi. Mbele kidogo utakutana na jitu la theluji, na dawa pekee ya jitu hilo ni kulirushia pai usoni. Huna pai, na hakuna pengine pa kuipata. Gemu hilohilo linakuonyesha paka anamkimbiza panya. Usipomrushia paka kitu katika sekunde zile chache, baadaye utafungwa kamba kwenye chumba cha chini cha nyumba ya wageni, na aliyepaswa kuja kukutafunia kamba ni yule panya. Mtu alikuwa anacheza kwa saa nyingi ndani ya kisa ambacho tayari kilikuwa hakina mlango wa kutokea. Huo naona ni ukatili kwa mchezaji, na umri wa gemu haunilainishi.

Gilbert alilisema hili waziwazi kwenye makala yake ya mwaka 1989 kuhusu ubovu wa magemu ya aina hii. Hoja ninayoitumia kazini karibu kila siku ni ile ya kamba na bonde. Mchezaji alione kwanza bonde asiloweza kulivuka, ndipo aanze kutafuta kamba. Ukimpa kamba kabla hajaliona bonde, unamgeuza mwokota takataka: atajaza mkoba kila kitu kwa sababu tu kinaokoteka, na akifika bondeni atajaribu kimoja kimoja bila kufikiri. Shida lazima itangulie, suluhisho lifuate.

Mwaka uliofuata akatoa The Secret of Monkey Island, akishirikiana na Tim Schafer na Dave Grossman, na ndani yake ni vigumu mno kufa. Guybrush Threepwood, kijana anayetaka kuwa haramia, anaweza kukaa chini ya maji bila kuvuta pumzi kwa dakika kumi. Wakati fulani anatumbukizwa baharini akiwa amefungwa kwenye sanamu zito, visu na panga vimemzunguka, vyote mbali kidogo na mkono wake. Una dakika kumi kamili. Jibu lake ni jepesi kiasi kwamba sitalitaja hapa, maana kulikuta mwenyewe ni nusu ya raha ya gemu zima. Ukitaka kumwona Guybrush amekufa, mwache tu zaidi ya dakika hizo kumi.

Gemu hilo lina kitu kingine ambacho mtu aliyekulia kwenye mipasho atakipenda mara moja. Mapigano ya upanga hayapiganwi kwa upanga, yanapiganwa kwa maneno. Haramia anakurushia kijembe, wewe unajibu. Jibu likikaa sawasawa unasonga mbele, likikosa unarudishwa nyuma. Hujui majibu mwanzoni, kwa hiyo unazunguka kisiwani ukishindwa na maharamia wadogo na kujifunza kwao. Mmoja anakuambia unapigana kama mfuga ng'ombe wa maziwa. Jibu ni kwamba inafaa, maana yeye anapigana kama ng'ombe. Ukishajaza kichwa majibu, unamwendea Carla, bingwa wa upanga wa kisiwa. Na Carla anatumia vijembe vyake mwenyewe, ambavyo hujawahi kuvisikia. Anakutishia kwamba atakukamua damu yote mwilini. Unatazama orodha ya majibu yako, hakuna jipya hata moja, halafu macho yanaangukia kwa yule ng'ombe. Kila jibu ulilolikariri lilikuwa na mlango wa pili.

Hapo ndipo huwasimamisha vijana wangu na kuwakumbusha vitendawili vya nyumbani. Kitendawili kizuri kikiteguliwa, wote barazani wanaguna, kwa sababu jibu ni yai, au nyota, au moshi, kitu walichokuwa nacho tangu asubuhi. Wakishindwa, mtegaji anadai mji, wanampa, naye anawafungulia. Mtegaji akitoa jibu ambalo hakuna aliyewahi kuliona wala kulisikia, watamdai mji wao urudishwe, na watakuwa na haki.

Sasa nirudi kwenye divai.

Day of the Tentacle ilibuniwa na Grossman na Schafer. Wenzetu watatu wametupwa ndani ya nyumba ileile katika nyakati tatu: Hoagie miaka 200 nyuma, Bernard siku zake mwenyewe, Laverne miaka 200 mbele. Kuonana hawawezi, ila wanaweza kutumiana vitu vidogo kupitia vyoo vya safari ambavyo ndivyo mashine zao za wakati. Hoagie anahitaji siki ili betri ya chombo chake itengenezwe. Siki hakuna popote. Kuna chupa ya divai. Na waasisi wa taifa la Marekani, ambao wamo humo ndani wakiandika katiba, wana kasha la kuzika kumbukumbu litakalofunguliwa vizazi vijavyo. Hoagie anaitia chupa kwenye kasha. Laverne, miaka 400 baadaye, analifungua na kuitoa. Divai imeshakuwa siki. Anaituma nyuma kupitia choo.

Tazama jinsi lilivyotegwa. Hakuna kipande kilichofichwa: kasha umeliona, chupa umeiona, choo umekuwa ukikitumia tangu mwanzo. Ujuzi unaotakiwa ni kwamba divai ikikaa sana inachacha, na yeyote wa pwani aliyewahi kuona tembo la mnazi likiachwa mpaka likawa siki anaujua ujuzi huo bila kufundishwa. Kilichobaki ni kukubali kwamba muda wenyewe ni chombo mkononi mwako, sawa na nyundo au ufunguo. Siku hilo linapoingia akilini, unaanza kuitazama kila fenicha ndani ya nyumba kwa jicho jipya. Sijaona gemu jingine linalobadilisha fikra za mchezaji kwa upole namna hiyo.

Mti ni kesi ngumu zaidi. Laverne amenasa juu ya mti wa kumkwati, tunda dogo la rangi ya chungwa, na njia ya kumshusha ni mti huo ukatwe miaka 400 kabla. Hoagie anayapaka matunda rangi nyekundu, kisha anamchokoza George Washington, mmoja wa waasisi wale, kwa habari za kukata micheri, yaani miti ya cheri, tunda jekundu. Washington anatoka na shoka, anaona matunda mekundu, anaukata. Mtoto wa Marekani anaikumbuka hekaya aliyoisoma shuleni, ya Washington kuukata mcheri utotoni. Kijana wa Temeke haijui. Ndiyo maana vijana wangu hubishana: wengine wanasema fumbo hili ni la haki kwa sababu mazungumzo yenyewe yanagusia micheri, wengine wanasema ni la wenyeji tu. Mimi nipo na hawa wa pili. Naliona zuri, lakini limeegemea kitu kilicho nje ya gemu, na ninapotunga fumbo la kuchezwa Kigoma hadi Lamu najiuliza kila mara mcheri wangu uko wapi.

Yapo mafumbo ambayo hata kwa wenyeji hayana utetezi. Gabriel Knight 3 ya mwaka 1999 inataka utengeneze masharubu ya bandia kwa manyoya ya paka na sharubati nzito inayonata ili ujifanye mtu fulani ukodi pikipiki, na mtu huyo mwenyewe hana masharubu. Unatakiwa umchoree kwenye pasipoti yake. Ukikwama hapo, fungua mwongozo bila aibu.

Kwa nini tunaweza kuyacheza yote haya leo, tena kwenye simu? Sababu ipo kwenye uamuzi wa kiufundi wa mwaka 1987. Ili kutengeneza Maniac Mansion, Gilbert alijenga mfumo ulioitwa SCUMM, na Chip Morningstar akaandika toleo la kwanza la kikusanyaji chake, yaani programu inayogeuza maandishi ya mbunifu kuwa misimbo. Wabunifu hawakuandika amri za moja kwa moja kwa kompyuta fulani. Waliandika hati fupi fupi kwa lugha inayokaribia maneno ya kawaida: mlango huu ukifunguliwa, fanya hivi, saa hii iendelee kugonga huku mambo mengine yakiendelea. Hati hizo zikageuzwa kuwa misimbo midogo, na programu moja ya pembeni ikawa inaisoma na kuitekeleza. Kompyuta mpya ikitoka, unaandika upya ile programu ya kusoma tu. Gemu lenyewe huligusi.

Mwaka 2001, Ludvig Strigeus wa Sweden, ambaye baadaye aliandika µTorrent, programu ya kupakulia mafaili iliyojaa kwenye kompyuta za mtaani kwetu miaka ile, alianza kuandika msomaji mpya wa misimbo hiyo akishirikiana na Vincent Hamm. Ndiyo ScummVM. Ni programu huria, inaendelezwa na watu wa kujitolea, na siku hizi inasoma magemu ya Sierra, Revolution na wengine wengi, pamoja na Grim Fandango ya mwaka 1998. Inapatikana kwa Android na haihitaji simu ya gharama. Haiji na magemu hayo ya kuuzwa. Mafaili yake unayapata mwenyewe, na duka la GOG huyauza bila kufuli lolote.

Asiye na fedha ya kununua aanze na Beneath a Steel Sky ya mwaka 1994. Revolution Software ya Uingereza iliruhusu itolewe bure mwaka 2003, na tovuti ya ScummVM inaigawa. Toleo lisilo na sauti za waigizaji ni megabaiti chache, bando la kawaida linatosha kabisa. Kwenye simu, washa maandishi na uyapunguze kasi. Kiingereza chake kimejaa utani, na utani unahitaji muda. Matoleo mapya ya Monkey Island na Day of the Tentacle yana picha zilizochorwa upya, na kitufe kimoja kinakurudisha kwenye picha za zamani. Mimi hubaki na za zamani, kwa sababu pale kila doa lilikuwa na gharama, kwa hiyo kinachoonekana mara nyingi kina kazi.

Kuhusu kutoa mji: Return to Monkey Island ya mwaka 2022 ina kitabu cha dokezo ndani ya gemu lenyewe, kinachokupa kidogo kwanza, kisha zaidi ukiomba tena. Kwa magemu ya zamani fuata utaratibu huohuo. Tafuta dokezo la hatua moja, funga ukurasa, rudi ujaribu.

Na kama unataka kutunga, pakua Adventure Game Studio ya Chris Jones, ni ya bure, lakini usiifungue kwanza. Chukua karatasi, ucheze sehemu ya kwanza ya Monkey Island, ile ya majaribio matatu: upanga, wizi, hazina. Andika chini kabisa jambo la mwisho unalotakiwa kulitimiza, kisha panda juu ukichora mshale kutoka kila kitu kwenda kwa kile kinachokitegemea. Utaona mistari mitatu inayokwenda sambamba, ili mchezaji aliyekwama kwenye mmoja awe na mwingine wa kuushika. Kwa hiyo wewe nawe, ukichoka kutukanwa na maharamia, waache kwanza ukachimbe hazina.