Barua ya Septemba: maswali kuhusu dawa za wazazi wetu wenye Medicare

Wazazi wengi waliohamia Marekani na kutimiza miaka 65 wanatumia Medicare, bima ya afya ya serikali. Dawa zao hulipiwa na mpango uitwao Part D, unaoendeshwa na kampuni binafsi.

Mama ameridhika na mpango wake. Kuna haja ya kuutazama tena?

Ipo, tena kila mwaka. Ifikapo Januari kampuni inaweza kubadili ada ya mwezi, orodha ya dawa inazolipia na maduka ya dawa inayoshirikiana nayo. Dawa hupangwa kwa ngazi za bei, ya kwanza ikiwa nafuu zaidi; dawa ya presha iliyokuwa ngazi ya kwanza ikipandishwa hadi ya tatu, mama atashtukia bei akiwa kaunta. Asipochagua mpango mwingine, kwa kawaida ule wa zamani huendelea wenyewe, kwa masharti mapya.

Tutayajuaje mabadiliko mapema?

Kufikia mwisho wa Septemba mzee hupata barua yenye kichwa *Annual Notice of Change*. Tafadhali msiitupe pamoja na matangazo. Inaweka gharama za mwaka huu na za mwaka ujao sambamba, lakini haitaji kila dawa. Orodha kamili iko kwenye tovuti ya kampuni, au wapigieni waitume.

Kaeni na mzee mezani, mtoe chupa zake zote za dawa. Someni jina na kipimo, moja baada ya nyingine. Je, dawa bado imo kwenye orodha? Iko ngazi ya ngapi? Daktari atahitaji kuomba kibali cha kampuni kwanza? Mzee atalazimishwa kuanza na dawa ya bei nafuu? Kisha angalieni duka lake, kwa sababu dawa ileile huweza kuwa na bei tofauti katika duka la mtaa wa pili.

Tunaweza kuhama lini?

Kuanzia Oktoba 15 hadi Desemba 7, na mpango mpya unaanza Januari 1. Kwenye Medicare.gov ingizeni dawa zake na duka lake, mlinganishe gharama ya mwaka mzima. Ada ndogo ya mwezi huwavutia wengi, kumbe dawa zenyewe ni ghali.

Ni kweli sasa kuna kikomo cha malipo ya dawa kwa mwaka?

Kweli, na ni nafuu kubwa kwa wazee. Kilianza 2025 kwa dola 2,000; mwaka 2026 ni dola 2,100. Mzee akishafika hapo, halipi tena dawa zilizomo kwenye orodha ya mpango wake hadi mwaka uishe. Ada ya mwezi haihesabiwi, wala dawa zilizo nje ya orodha. Insulini inayolipiwa na mpango haizidi dola 35 kwa mwezi, na chanjo ya mkanda wa jeshi ni bure.

Baba ana kipato kidogo, na Kiingereza kinamsumbua.

Aombe Extra Help, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, kupitia ofisi ya Social Security (hifadhi ya jamii). Hupunguza ada na bei za dawa. Akipigia Medicare kwa 1-800-633-4227 ana haki ya mkalimani wa Kiswahili bila malipo, kwa hiyo mjukuu wa miaka 12 asibebeshwe kazi hiyo. Kila jimbo pia lina washauri wa SHIP, huduma ya bure ya ushauri kuhusu Medicare, wasiouza bima yoyote. Mtu akimpigia ghafla akitaka namba ya kadi yake ya Medicare, akate simu.

Januari imefika, dawa ya moyo imeondolewa kwenye orodha. Afanye nini?

Asiache kuimeza, wala asiigawe nusu ili idumu. Amwombe mfamasia dozi ya mpito: anayeendelea na mpango uleule, au aliyeingia mpya, anaweza kupewa dawa ya mwezi mmoja ndani ya siku 90 za mwanzo. Katika mwezi huo daktari amtafutie dawa mbadala, au aiandikie kampuni kueleza kwa nini mgonjwa huyu anahitaji ileile. Kampuni ikikataa, mzee ana haki ya kukata rufaa.